Biki Nyekundu Mkononi mwa Mwanafunzi

Mhadhara kwa walimu wa lugha, wanafunzi na wakazi, Gihosha, Bujumbura

Wapo waliouliza kwa nini mhadhara kuhusu Kiingereza utolewe kwa Kiswahili. Jibu ni jepesi: tungezungumza Kiingereza, nusu ya muda tungeimaliza kwa kusahihishana kimoyomoyo, na hoja ingepotelea hapo.

Nimekuja kutetea jambo moja. Mwanafunzi aliyefika ngazi ya juu ya Kiingereza, yule anayeandika ripoti, tasnifu, barua ya kuomba kazi au hati ya kupeleka mahakamani, hakosei hasa kwa sababu hajui sarufi. Anakosea kwa sababu haoni alichokiandika. Kuona huko ni stadi inayojitegemea. Inafundishika, ina mbinu zake, na sisi karibu hatuifundishi kabisa. Tunachokifanya ni kumsahihishia, mwaka baada ya mwaka, kisha siku anapoajiriwa tunashangaa kwamba hawezi kujisahihisha.

Hapa kwetu suala hili lina tarehe zake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Mahakama ya Jumuiya nayo ikawekewa Kiingereza. Burundi ikaingia rasmi tarehe 1 Julai 2007. Mwaka 2014 sheria ya lugha ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi nchini sambamba na Kirundi na Kifaransa. Rwanda iliyoingia Jumuiya siku moja nasi iliamua mwaka 2008 kuhamishia masomo yake katika Kiingereza. Sisi hatukufuata njia hiyo. Mtoto wetu anaanza shule kwa Kirundi, anaendelea kwa Kifaransa, na Kiingereza anakipata kama somo moja kati ya mengi. Kisha akifika kazini anaambiwa lugha ile aliyoisoma saa chache kwa wiki ndiyo ya kuandikia mkataba. Sisemi uamuzi huo ulikuwa mbaya. Pengine ulituepusha na mengi. Nasema umezaa aina ya mwandishi ambaye vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa London havimfikirii: mtu mzima, msomi, mwenye lugha tatu kichwani, anayeandika ya nne, na asiye na mtu wa kumsomea rasimu kabla haijatoka mkononi mwake.

Wala msidhani hasara ya koma ni hadithi ya walimu. Huko Maine, Marekani, sheria ya jimbo iliorodhesha kazi ambazo hazilipiwi muda wa ziada, na mwishoni mwa orodha hakukuwa na koma. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakadai kwamba bila koma hiyo kazi yao ya kusambaza maziwa haimo katika orodha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona sentensi hiyo ina utata na ikaipa tafsiri iliyowafaa madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Walioandika sheria ile walikuwa wenye lugha yao.

Hoja ya kwanza, basi: kutoona si kutojua. Ushahidi bora unatoka kwa Waingereza na Wamarekani wenyewe, maana kama kosa lingekuwa dalili ya kutojua lugha, wao wasingekosea. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme mjini London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika amri ya kukataza uzinzi lilidondoka neno moja tu, lile la kukanusha. Amri ikawa agizo. Walitozwa faini ya pauni 300, na nakala zilizosalia leo zinatafutwa na wakusanyaji wa vitabu adimu. Hakuna mtu katika karakana ile ambaye hakuijua amri hiyo; waliijua mno, na kuijua ndiko kulikowapofusha. Jicho lilisoma lililotarajiwa. Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Kimarekani Alice Healy alilipima jambo hili kwa njia rahisi kabisa: aliwapa watu maandishi na kuwaomba wazungushie kila herufi t. Walizikosa zaidi zile zilizomo katika neno "the". Neno linaloonekana kila mstari ndilo lisiloonekana. Sasa jiulizeni wenyewe: "the" ni mojawapo ya maneno yanayomsumbua zaidi mwandishi Mrundi, kwa sababu Kirundi na Kiswahili hazina kitu kama hicho, na Kifaransa kinacho lakini kinakitumia kwa kanuni zake. Yaani kosa letu kubwa limekaa mahali ambapo jicho la binadamu yeyote ni dhaifu kuliko kwingine kote.

S. Pit Corder, aliyeandika mwaka 1967 makala iliyobadilisha namna walimu wa lugha wanavyotazama makosa, alitenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku. Kuna kuteleza, ambako mwandishi anajua kanuni ila kalamu imempita. Na kuna kosa la mfumo, ambalo mwandishi hawezi kulirekebisha hata ukimwonyesha, kwa sababu ndivyo lugha ilivyo kichwani mwake kwa wakati huo. Ukiweka wino mwekundu juu ya yote mawili, hujui umetibu lipi. Lakini kuna kipimo cha bei nafuu mno. Usisahihishe. Weka nukta pembeni mwa mstari wenye kasoro, bila kusema kasoro ni ipi, umrudishie daftari. Akiiona na kuirekebisha, ilikuwa kuteleza, na anachohitaji ni mazoezi ya kuona. Akikodoa macho na kukuambia mstari ni mzima, hapo sasa fundisha sarufi. Mwalimu atakayelifanya jambo hili na darasa la wanafunzi wa juu atagundua, naamini, kwamba nukta nyingi zinajibiwa bila msaada. Maana yake nguvu tulizozitumia kueleza kanuni ile ile kwa mara ya kumi zilikuwa zinakwenda pasipohitajika.

Hoja ya pili ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ni yetu. Makosa yanayobaki kwa mwandishi wa ngazi ya juu ni yale yanayofanana na usahihi. Anayeanza huandika "I have twenty years", na kila mtu anacheka. Huyo si wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni yule aliyeandika sentensi hii katika ripoti ya mradi: "Eventually, the donor will finance the second phase." Itazameni. Hakuna kosa la tahajia, kitenzi kimekaa sawa, koma iko mahali pake. Mwandishi alikuwa na "éventuellement" kichwani, akimaanisha kwamba huenda mfadhili akagharimia awamu ya pili, kama mambo yatakubali. Msomaji wa Nairobi anasoma kwamba hatimaye mfadhili atagharimia: ni suala la muda tu. "Huenda" imegeuka kuwa ahadi, na ahadi ya fedha za mtu mwingine. Mtihani wa sarufi ungeipa sentensi hiyo alama zote.

Familia ya makosa haya ni kubwa na sote tunaijua kwa sura. "Actually" iliyotoka kwa "actuellement", ambapo mwandishi alitaka kusema kwa sasa na msomaji akasikia mtu anayembishia. Waziri aliyehudhuria sherehe, ambaye kwa Kiingereza chetu "assisted the ceremony", kana kwamba alibeba viti. Semina iliyoendeshwa na mtu, ikaandikwa kuwa "animated". Nyingine zimetoka upande wa pili wa nyumba. Kirundi na Kiswahili hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi ya tatu. Basi mkurugenzi ambaye ni mama katika aya ya kwanza anageuka "he" katika aya ya tatu, na sentensi zote ni sahihi zikisomwa mojamoja. Kiswahili kinaruhusu kusema ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikuja. Kiingereza kinataka kimoja kati ya viwili hivyo. Kirundi kinaandika r pale ambapo jirani angeandika l, na mwandishi aliyefuata sikio lake anaandika kwamba watoto "pray football" baada ya masomo. "Pray" ni neno halali. Hakuna mstari mwekundu utakaotokea chini yake katika kompyuta.

Na kuna tarakimu, ambazo walimu wa lugha huzikimbia wakidhani ni kazi ya wahasibu. Katika ripoti zetu za Kifaransa 12.500 ni elfu kumi na mbili na mia tano. Kwa msomaji wa Kiingereza nukta hiyo ni ya desimali, na tani zako za kahawa zimekuwa kumi na mbili na nusu. Ukigeuza, 3,5 ya Kifaransa ni tatu na nusu, na ukisahau kubadilisha mkato huo msomaji hajui tarakimu gani imedondoka. Miliyari yetu ya faranga ni "billion" ya Kiingereza, lakini "billion" ya Kifaransa ni miliyari elfu moja. Mtu anayefasiri bajeti usiku, akiwa na hati ya Kifaransa mkono wa kushoto na ya Kiingereza mkono wa kulia, anavuka mpaka huo katika kila mstari, na hakuna askari wa forodha. Ningekuwa na amri, kila somo la kusahihisha kwa wanafunzi wa juu lingeanza na tarakimu kabla ya vitenzi.

Angalieni yanayoyaunganisha makosa haya. Huwezi kuyapata kwa kuuliza kama sentensi ni sahihi. Unayapata kwa kuuliza maswali mawili yaliyo tofauti: nilitaka kusema nini, na mtu asiyejua Kifaransa ataelewa nini hapa? Maswali hayo hayamo katika kitabu cha sarufi. Na swali la kwanza anaweza kulijibu mtu mmoja tu, aliyeandika. Mwalimu anayemsahihishia mwanafunzi sentensi ya "eventually" hana njia ya kujua kwamba kuna kosa, isipokuwa amuulize.

Hapo ndipo inapozaliwa hoja ya tatu: biki nyekundu ihame mkono. Nakiri kwamba wataalamu hawakubaliani kuhusu faida ya kusahihisha. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii, na kwamba kunaweza hata kudhuru, hivyo kuachwe. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba amehukumu mapema mno. Mjadala huo umeendelea, na mtu mvivu anaweza kuuchukua kama ruhusa ya kutosoma madaftari. Mimi nauchukua kwa namna nyingine. Tukitazama masahihisho yaliyoonekana kuzaa matunda, yanafanana kwa mambo mawili. Yalilenga makosa machache, si yote: John Bitchener, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008 kutoka Auckland, alishughulika na matumizi mawili tu ya "a" na "the", na wanafunzi waliosahihishwa waliwazidi wenzao hata baada ya wiki kadhaa. Na yalimlazimisha mwanafunzi kufanya kitu. Roy Lyster na Leila Ranta walipochunguza madarasa ya Kifaransa huko Montréal, katika matokeo waliyoyatoa mwaka 1997, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kuirudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na kwamba hayo ndiyo yaliyopata mwitikio mdogo kuliko yote, chini ya mara moja katika tatu. Mwalimu alipomwachia mwanafunzi nafasi atafute mwenyewe, mwanafunzi aliitikia kila mara. Utafiti ule ulikuwa wa mazungumzo, si wa maandishi, na kuitikia si sawa na kujifunza, nalijua hilo. Lakini yeyote aliyewahi kurudisha insha thelathini zilizojaa wino anajua wanafunzi hutazama nini kwanza: alama iliyo juu, kisha daftari linafungwa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa mwalimu ni dogo. Kila mwanafunzi wa juu awe na orodha yake ya makosa matano, isizidi hapo, aliyoyapata katika maandishi yake mwenyewe. Orodha ya aliyesoma kwa Kifaransa tangu utotoni haitafanana na ya kijana wa Buyenzi anayefikiri kwa Kiswahili, wala ya yule aliyerudi na familia yake kutoka Tanzania au Uganda. Kabla hajakukabidhi kazi, aipitie mara tano, kila mara akitafuta kosa moja tu. Kosa likikaa miezi miwili bila kutokea, linafutwa na kupisha jingine. Mwalimu anasoma orodha pamoja na insha. Na akikuta kosa lililomo katika orodha, hasahihishi, anarudisha.

Hoja ya nne inahusu mazoezi yenyewe. Kwa miaka mingi mitihani ya Cambridge, ule wa First Certificate na ule wa Advanced, ilikuwa na sehemu ya kusahihisha: kifungu kifupi ambamo baadhi ya mistari ilikuwa na neno lisilotakiwa na mingine ilikuwa mizima. Sehemu hiyo iliondolewa katika mabadiliko ya Desemba 2008. Baadhi ya walimu waliisikitikia, na vitabu vya zamani vyenye mazoezi hayo bado vinapita mkono kwa mkono. Havina ubaya. Ila vina upungufu mmoja mkubwa: mwanafunzi ameshaambiwa atafute nini na katika mstari gani. Ukurasa wa kazini haumwambii mtu kitu. Zoezi la kweli ni lile lisilotaja idadi ya makosa, wala kama yapo, na ambamo kuharibu sentensi iliyokuwa nzima kunahesabiwa kuwa hasara. Wanafunzi wengi hodari huumbuka hapo. Wakishaambiwa kuna makosa, wanasahihisha mpaka yasiyo makosa.

Wachapaji wa zamani walikuwa na utaratibu tunaoweza kuuchukua bila gharama. Watu wawili hukaa pamoja, mmoja na nakala ya asili, mwingine na prufu. Mmoja anasoma kwa sauti, polepole, akitaja na mikato, nukta na herufi kubwa. Mwenzake anafuata kwa kalamu. Sauti inalizuia jicho kuruka. Kwa wanafunzi wetu ina faida ya ziada: "pray" na "play" zikisomwa na mtu mwingine, kosa linasikika, au basi linazua ubishi, na ubishi ni mwalimu mzuri. Njia nyingine ni kusoma kutoka sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili maana isije ikambeba msomaji. Hiyo inafaa kwa tahajia na vitenzi, lakini haifai hata kidogo kwa "he" na "she", ambazo zinadai usome kwa mfululizo. Tazameni jinsi kila kosa linavyodai namna yake ya kusoma. Anayepitia mara moja tu akitafuta kila kitu anaishia kupata vilivyo rahisi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote limetoka kwa mwanahisabati. Mwaka 1976 George Pólya aliandika makala fupi kuhusu swali ambalo kila mhariri huliuliza: nitajuaje yamebaki makosa mangapi ambayo hakuna aliyeyaona? Jibu lake linahitaji wasomaji wawili wanaosoma nakala moja kila mtu peke yake. Tuseme wa kwanza amepata makosa 20 na wa pili 15, na walipolinganisha wakakuta 10 ni yale yale. Zidisha 20 kwa 15, gawa kwa 10: makisio ya makosa yote ni 30. Wawili hawa kwa pamoja wameona 25, kwa hiyo pengine 5 bado yamejificha. Lakini kama katika idadi zile zile yaliyolingana ni 5 tu, makisio yanaruka hadi 60, waliyoyaona ni 30, na nusu ya makosa bado imo ndani. Wanafunzi wanaliona jambo hili kwa macho: wakiwa kila mmoja anapata makosa yake tofauti na ya mwenzake, si sababu ya kujipongeza, ni dalili kwamba ukurasa bado ni mchafu. Sharti ni moja, wasinong'onezane. Sijui zoezi jingine la lugha linalompa mwanafunzi namba ya kutojua kwake. Na mwalimu wa hisabati katika shule yenu atafurahi kualikwa kwenye somo la Kiingereza.

Sasa niyajibu mapingamizi, maana nayaona katika nyuso. La kwanza liko katika simu zenu: programu zinasahihisha, na siku hizi zinaandika upya insha nzima kwa sekunde chache, kwa nini tumchoshe kijana? Sizipingi. Zinakamata mengi, na mtu anayepeleka barua bila kuzitumia anajinyima. Lakini rudini kwenye ile sentensi ya mfadhili. Programu inaweza kuipitisha bila neno, au inaweza kuinyoosha vizuri zaidi, na ahadi ikazidi kung'aa. Programu haikuwepo mwandishi alipokuwa akifikiri kwa Kifaransa. Tena, inapobadilisha maneno kumi kwa mara moja, anayeweza kuona kwamba la saba limegeuza maana ni yule aliyezoea kusoma kwa kushuku. Asiye na stadi hiyo anapokea kila kitu na kushukuru. Ushauri wangu ni kwamba mashine iitwe mwisho, baada ya mwandishi kupitia mwenyewe, na kila badiliko aweze kulitolea sababu; asilolielewa alirudishe lilivyokuwa.

Pingamizi la pili ni la heshima zaidi: ni nani aliyesema hilo ni kosa? Braj Kachru, mtaalamu mzaliwa wa India, alitumia maisha yake akieleza kwamba Kiingereza cha nchi zilizokipokea kina haki zake, na mapema katika muongo wa 1990 alibishana hadharani na Randolph Quirk wa Uingereza kuhusu kipimo kipi kifundishwe. Sisi wa Kiswahili tunalijua jambo hilo kupitia mlango mwingine. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilisoma na kurekebisha miswada ya vitabu vya shule kwa kipimo cha Kiunguja, na wako watu wa Mombasa ambao hawajaisamehe mpaka leo. Nakubali basi kwamba si kila tofauti ni kosa. Mganda akikuambia "extend" ili umpishe kwenye kiti, hajakosea. Anazungumza Kiingereza cha Kampala na wote kitini wameelewa. Kipimo changu ni msomaji aliyekusudiwa. Tofauti inayoonyesha tu kwamba mwandishi ni wa Bujumbura, iache, hatuoni haya kuwa wa hapa. Tofauti inayomfanya msomaji wa Arusha aelewe tani kumi na mbili mahali pa elfu kumi na mbili, hiyo haina utaifa wa kutetewa. Mwanafunzi akifundishwa kuzitenga hizi mbili, atakuwa amejifunza zaidi ya sarufi.

Wanaosema kwamba kumwonyesha mwanafunzi sentensi mbovu kunamfundisha ubovu nawajibu kwa ufupi: sentensi zenyewe ni zake. Amezileta yeye.

Linabaki la walimu, nalo ndilo zito. Madarasa ni makubwa, karatasi ni ghali, umeme hukatika, na mwalimu ana saa zisizotosha hata kwa mtaala. Kweli. Ila tazameni tena nilichokiomba. Nukta pembeni mwa mstari inachukua muda mfupi kuliko sahihisho kamili. Kusomeana wawiliwawili hakuhitaji fotokopi, kunahitaji madaftari mawili. Sentensi tatu ubaoni, mbili zenye kasoro na moja nzima, bila kusema ni ipi, zinatosha dakika 15. Ugumu wa kweli uko kwingine: mwalimu anayerudisha madaftari bila wino mwingi ataonekana na wazazi, na labda na mkaguzi, kwamba hakufanya kazi. Hilo nalisema kwa wazazi mliomo humu. Mkikuta nukta tu pembeni mwa insha ya mwanenu, msiende kumshtaki mwalimu. Mwulizeni mtoto kila nukta inasema nini.

Nimalizie na yanayokuja. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia na mamilioni ya watu wanaosoma na kuandika Kifaransa. Utekelezaji unakwenda polepole, lakini mwelekeo wake uko wazi: hati moja italazimika kusema jambo lile lile kwa lugha tatu, na mtu fulani atapaswa kuzilinganisha, koma kwa koma, tarakimu kwa tarakimu, kabla hazijatiwa saini. Mtu huyo ni lazima awe anajua jinsi "éventuellement" inavyoteleza na kuwa "eventually", na jinsi miliyari inavyopotea njiani. Nchi zenye vijana wanaozijua lugha hizo tatu kwa pamoja si nyingi katika Jumuiya hii. Hapa Bujumbura tunao, na wengine wameketi safu za nyuma. Idara zetu za lugha katika Chuo Kikuu cha Burundi na katika vyuo vya ualimu zingeweza kuanza na saa mbili kwa wiki katika mwaka wa mwisho, kozi ya kusoma prufu za lugha tatu, kwa hati halisi za Jumuiya ambazo ziko wazi kwa kila mtu, na mtihani wake uwe ukurasa mmoja usiotaja idadi ya makosa.

Kabla ya maswali, kuna karatasi mezani karibu na mlango. Zina aya moja ya Kiingereza kuhusu mauzo ya kahawa, yenye tarakimu, na mkurugenzi mmoja. Chukueni wawiliwawili, kila mtu asome peke yake kwa dakika 10, kisha mlinganishe na kupiga ile hesabu ya Pólya. Mwenyekiti atakusanya majibu na kuyaandika ubaoni, na tutaanza maswali na wale ambao makisio yao yamepishana zaidi.